Halali peke yake haitoshi, chakula kiwe chema pia: Funzo kutoka miteremko ya Kilimanjaro

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyetuumba, akaturuzuku na akatubainishia vilivyo vyema na vilivyo vibaya. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, maswahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani, mada yetu ya Ijumaa hii inahusu jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya mara mbili au tatu kwa siku, lakini ni wachache wanaolihesabu kuwa ni sehemu ya dini. Jambo hilo ni kula. Tumezoea kuulizana kama kitu fulani ni halali au si halali. Swali hilo ni la lazima na Muislamu haruhusiwi kulipuuza. Hata hivyo, Qur'ani Tukufu haikuishia hapo. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu anawaita watu wote, si Waislamu peke yao, wale katika vilivyomo ardhini vile vilivyo halali na vilivyo vizuri. Sifa ni mbili, zimetajwa pamoja, wala moja haiondoi haja ya nyingine.

Kuku aliyechinjwa kisharia ni halali. Viazi ni halali. Mafuta ya alizeti ni halali. Lakini viazi hivyo vikitumbukizwa katika mafuta yaliyochemshwa tangu juzi, vikanyunyiziwa chumvi nyingi, vikateremshwa kwa soda, na mtu akavifanya kuwa mlo wake wa kila jioni, je, hicho bado ni chakula chema kwa mwili ambao tumekabidhiwa kama amana? Hilo ndilo tunalokusudia kulijadili.

Kutoka mgombani hadi kwenye karai la chipsi

Tuchukue mfano wa Kibosho, katika miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Kwa vizazi vingi watu wa huko wameishi kwa kihamba. Katika kipande kimoja cha ardhi mtu alipata migomba, kahawa, magimbi, maharage na mboga za majani, vyote chini ya kivuli cha miti mikubwa, huku ng'ombe akiwa zizini akitoa maziwa na mbolea, na maji yakishuka kwa mifereji iliyochimbwa na wazee. Mfumo huu wa kilimo uliheshimiwa hata na ulimwengu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua kihamba cha Shimbwe Juu, upande wa Uru, jirani kabisa na Kibosho, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima.

Chakula kilichotoka humo kilikuwa mtori, kiburu cha ndizi na maharage, machalari, magimbi ya kuchemsha, mnafu, uji wa ulezi na maziwa mgando. Na aliyekula chakula hicho alikuwa amepanda na kushuka mlima kwa miguu, mzigo wa majani ya ng'ombe ukiwa kichwani.

Migomba yenyewe ina heshima katika dini yetu. Katika Sura ya Al-Waqi'a, pale zinapoelezwa neema za watu wa kuliani huko Peponi, aya ya 29 inataja mti uitwao kwa Kiarabu talh, na wafasiri wengi, tangu zama za maswahaba, wameeleza kuwa makusudio yake ni migomba iliyopangika matunda yake. Mwenye kuamka asubuhi akakuta mkungu umeinamia mlangoni kwake ana sababu ya kushukuru kuliko anavyodhani.

Leo hali imebadilika. Ukishuka kutoka Umbwe au Kirima kuelekea Moshi mjini, na hata kabla hujafika mjini, utaona kabati la vioo lililojaa chipsi, karai likichemka, na vijana wakisubiri sahani zao za chipsi mayai. Pembeni kuna soseji, mishikaki na kreti za soda. Mtori umebaki kuwa chakula cha mzazi aliyejifungua na cha mgonjwa. Kijana anayekula ndizi za kuchemsha huonekana hana fedha, na anayekula chipsi huonekana amestaarabika.

Tusiwalaumu vijana bila kutazama sababu. Vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vimekuwa vipande vidogo. Mtu aliyepanga chumba mjini hana mgomba, hana jiko la kuni na hana saa mbili za kuchemsha maharage. Muuza chipsi humpa mlo wa kushiba kwa dakika kumi. Haja ni ya kweli. Lakini haja hiyo ina gharama, na gharama hiyo sasa imepimwa palepale Moshi.

Waliyoyaona watafiti

Mwaka 2021 jarida la kisayansi la Nature Immunology lilichapisha utafiti uliowahusisha Watanzania 323 wenye afya, wa mjini Moshi na wa vijijini. Watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kilimanjaro iliyopo katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walikuta kwamba damu ya watu wa mjini ilikuwa na dalili zaidi za kile ambacho wengine hukiita uvimbe wa ndani. Hiyo ni hali ya kinga ya mwili kubaki imewaka kana kwamba kuna adui wa kupigana naye, ilhali adui hayupo. Hali hiyo ikidumu miaka mingi huchangia maradhi ya moyo, kisukari na mengineyo. Watafiti waliihusisha tofauti hiyo na chakula.

Wapo waliosema kuwa mjini kuna mambo mengi: moshi wa magari, mawazo, kukaa bila kutembea. Basi mwezi Aprili mwaka 2025 watafiti hao walitoa matokeo ya jaribio jingine katika jarida la Nature Medicine. Walichukua wanaume 77, vijana na wenye afya, wa mjini na wa vijijini. Waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro walipewa kwa wiki mbili chakula cha Kizungu cha kisasa, yaani vyakula vya viwandani na vya kukaangwa, kama chipsi na mkate mweupe. Waliozoea chakula hicho cha kisasa walipewa kwa wiki mbili chakula cha asili: ndizi, mboga za majani, jamii ya maharage na nafaka zisizokobolewa. Kundi la tatu lilipewa mbege kila siku kwa wiki moja. Watu 10 waliachwa waendelee na chakula chao cha kawaida ili wawe kipimo cha kulinganishia.

Matokeo yake yanapaswa kumfikirisha kila mzazi. Waliohamishwa kutoka chakula cha asili, ndani ya wiki mbili tu, protini za uvimbe ziliongezeka katika damu yao, mwili wao ukaanza kuonesha mabadiliko yanayohusishwa na maradhi yasiyoambukiza, na chembe zao za kinga zikapungua nguvu ya kuvikabili vijidudu vya maradhi. Waliorudishwa kwenye chakula cha asili walipata kinyume chake: dalili za uvimbe zilipungua. Baadhi ya athari hizo zilionekana hata wiki nne baada ya jaribio kumalizika.

Ni kweli kwamba waliopimwa walikuwa wanaume peke yao, tena kwa muda mfupi, na hakuna aliyeugua kisukari kwa wiki mbili. Lakini ikiwa siku 14 zinatosha kuacha alama katika damu ya kijana mwenye nguvu, tujiulize miaka 14 itafanya nini.

Jibu la swali hilo tayari linaonekana katika takwimu za nchi yetu. Utafiti uliotolewa mwaka 1989 kutoka vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban 9 kati ya 100, na wenye shinikizo la juu la damu walikuwa kama 26 kati ya 100. Umri uliopimwa haukulingana, lakini mwelekeo hauna shaka. Na utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro mwaka 2014 ulikuta maradhi sugu ya figo kwa watu wazima 15 kati ya 100 mjini, dhidi ya 2 tu kati ya 100 vijijini. Anayejua gharama ya kusafisha damu kwa mashine, kila wiki, hadi familia inauza shamba, ataelewa kwa nini tunalizungumza jambo hili katika ukurasa wa dini.

Namna madhara yanavyoingia

Chakula cha haraka hudhuru kwa njia kadhaa zinazosaidiana. Kwanza, wanga uliokobolewa, kama wa mkate mweupe, pamoja na sukari ya soda, huingia katika damu kwa kasi, na kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi kwa ghafla. Likifanyishwa kazi hiyo kila siku huku mwili ukinenepa, mwisho huelemewa. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vinane au tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ni bora zaidi isizidi gramu 25. Chupa moja tu imekwishavuka kiwango hicho kilicho bora.

Pili ni chumvi. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote kwa pamoja. Chumvi ikizidi hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo huharibu moyo, ubongo na figo bila kuuma, mpaka siku mtu anapoanguka.

Tatu ni mafuta. Mafuta yaliyochemshwa mara nyingi huharibika na kuzalisha kemikali zenye madhara. Rangi yake huwa nyeusi, hutoa povu, na hufuka moshi mapema. Nne, soseji na nyama nyingine za viwandani, ambazo mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani ya utumbo. Tano ni kile kinachokosekana: nyuzinyuzi za maharage, mboga na ndizi, ambazo huwalisha bakteria wema walioumbwa tumboni mwetu na kutufanya tushibe kabla hatujazidisha.

Kwa Muislamu wa Kilimanjaro kuna jambo la sita. Sehemu nyingi za chakula huko huuza pia nyama ya nguruwe. Chipsi zikikaangwa katika karai lililokaangiwa nguruwe, zimenajisika, hata kama kiazi ni halali. Soseji nayo haioneshi imetengenezwa kwa nyama gani. Anayekula bila kuuliza anahatarisha afya yake na ibada yake kwa pamoja.

Je, mbege nayo ni dawa?

Hapa panahitaji ukweli. Utafiti huo wa mwaka 2025 ulionesha kwamba waliokunywa mbege nao walipungukiwa na dalili za uvimbe. Haitufai kulificha hilo kwa kuwa halitupendezi, na wala haiwafai wanywaji kulifanya hoja.

Qur'ani imekwisha kulitangulia swali hili. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, Mwenyezi Mungu Mwenyewe anakiri kuwa katika ulevi na kamari yamo manufaa kwa watu, kisha anaeleza kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Baadaye, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90, ukaja uamuzi wa mwisho wa kuepukana navyo. Kwa hiyo Uislamu haukuharamisha pombe kwa kudai kwamba haina faida yoyote. Umepima faida na madhara kwa pamoja: akili, nyumba, mali na watoto. Tena Mtume (S.A.W.), alipoulizwa na Tariq bin Suwayd kuhusu kutengeneza pombe kwa ajili ya dawa, alikataa na kueleza kuwa hiyo si dawa bali ni ugonjwa, kama alivyopokea Imam Muslim. Na kinacholevya kikiwa kingi, kidogo chake pia ni haramu.

Hoja ya pili ni ya kisayansi. Waliokula chakula cha asili bila mbege nao walipata nafuu. Ndizi na ulezi havisubiri kugeuka pombe ndipo vimfae mtu. Anayetaka kinywaji kilichochacha anayo maziwa mgando, ambayo ni halali na hayalevyi.

Kwa kipimo hichohicho, tusiseme kila cha asili ni chema. Mlaso na kisusio vina damu, na damu inayomwagika ni haramu kwa Muislamu. Mtori nao ukijazwa mafuta na nyama kupita kiasi hugeuka kuwa madhara. Tunakirudia chakula cha wazee kwa mizani ya sharia na ya elimu.

Mizani ya Mtume (S.A.W.)

Hatusemi kwamba chipsi ni haramu. Kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu ni kosa kubwa, nalo limekemewa katika Sura ya An-Nahl, aya ya 116. Aliye safarini akila sahani moja hana lawama. Tunachokataza ni israfu na madhara. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, ruhusa ya kula na kunywa imefuatanishwa papo hapo na katazo la kupita kiasi. Na wanazuoni wanakubaliana kuwa kilichothibitika kumdhuru mtu hakimfalii. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari aliyeonywa na daktari wake, akaendelea na soda, asijione anakula halali tu. Anaudhulumu mwili wake, na mwili una haki juu ya mwenyewe.

Miqdam bin Ma'dikarib amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah, kwamba Mtume (S.A.W.) alilihesabu tumbo lililojazwa kuwa chombo kibaya kuliko vyote anavyovijaza mwanadamu. Akaeleza kuwa matonge machache ya kuunyoosha mgongo yanamtosha mtu, na asiyeweza hivyo basi aligawe tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliifafanua hadithi hii kwa kuzitaja daraja tatu za kula: haja, utoshelevu na ziada. Tujipime tuko katika daraja gani, hasa jioni za Ramadhani, pale futari inapogeuka sinia la vya kukaangwa na mtungi wa sukari.

Kila mmoja ana sehemu yake

Muuza chipsi anatafuta riziki ya halali, naye tunamheshimu. Lakini akumbuke kisa cha Mtume (S.A.W.) na muuza nafaka aliyeuficha unyevu chini ya rundo. Mtume alimkemea na kubainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika mwenendo wake. Mafuta ya juzi yaliyofichwa chini ya chipsi za leo hayana tofauti na nafaka ile. Abadilishe mafuta, aache chumvi mezani mteja ajipimie, na aongeze kabati la pili: ndizi za kuchemsha, maharage, mnafu na magimbi. Haja ya vijana ni chakula kilicho tayari, na mtori nao unaweza kuwa tayari.

Mzazi asimlipe mtoto kwa soda kila anapofanya vizuri, wala asilitumie neno shamba kama tusi kwa chakula. Amfundishe kupika kiburu, mvulana kama msichana, kabla hajaenda kupanga chumba mjini. Walimu wa madrasa wafundishe adabu za kula pamoja na dua yake. Viongozi wa misikiti, katika maulidi na walima, wapunguze vya kukaangwa na waweke matunda na maji. Na kwa kuwa Waislamu wa Kibosho wanaishi kwa ujirani mwema na Wakristo walio wengi, jambo hili walifanye kwa pamoja, maana kisukari hakiulizi mtu anasali wapi.

Ndugu zetu, katika Sura ya At-Takathur tumeonywa kwamba siku hiyo tutaulizwa juu ya neema. Waliopewa mlima wenye maji, udongo wenye rutuba na mgomba mlangoni wana swali la kujiandalia. Kila aliye mbali na kihamba naye ana chaguo katika mlo wake wa leo jioni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie riziki iliyo halali na iliyo njema, awaponye wagonjwa wetu, na atupe nguvu ya kuzizuia nafsi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.